Benjamin Graham

Benjamin Graham (jina la kuzaliwa: Benjamin Grossbaum, London, Uingereza, 9 Mei 1894 – Aix-en-Provence, Ufaransa, 21 Septemba 1976) alikuwa mwekezaji, mshauri wa fedha, mwandishi na mwalimu wa chuo kikuu nchini Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa uwekezaji wa thamani, yaani njia ya kununua hisa kwa bei iliyo chini ya thamani halisi ya kampuni inayozitoa.

Wengi wamelisikia jina lake kupitia mwanafunzi wake, tajiri Warren Buffett. Upande mwingine wa maisha yake hautajwi mara nyingi. Kwa miaka mingi Graham alidai kwamba mtu anayechambua hisa na kuwashauri wengine kuhusu fedha zao anapaswa kupimwa kwa mtihani na kufungwa na maadili ya kazi, kama ilivyo kwa daktari au mwanasheria. Yeye mwenyewe aliingia katika kazi hiyo bila cheti chochote cha mambo ya fedha, kwa kuwa wakati huo cheti cha namna hiyo hakikuwepo.

Utoto

Graham alizaliwa katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, Isaac Grossbaum, alikuwa mfanyabiashara wa vyombo vya kaure. Benjamin alipokuwa na umri wa mwaka mmoja, familia ilihamia New York ili kuendesha biashara hiyo upande wa Marekani. Kwa miaka michache waliishi vizuri, wakiwa na mpishi na yaya wa kuwalea watoto watatu wa kiume.

Mwaka 1903 baba alifariki akiwa bado kijana, na Benjamin alikuwa hajatimiza miaka 9. Mama yake, Dorothy, alijaribu kuiendeleza biashara ikadidimia mikononi mwake. Alijaribu pia kupangisha vyumba na kuwapikia wapangaji, nako hakufanikiwa. Akiba iliyobaki alitaka kuizalisha katika soko la hisa, akanunua hisa za kampuni ya chuma ya U.S. Steel kwa mkopo wa dalali. Katika ununuzi wa aina hiyo mteja hutoa sehemu tu ya bei na dalali humkopesha sehemu iliyobaki, huku hisa zenyewe zikiwekwa rehani. Bei ikipanda, faida huwa kubwa kuliko kawaida. Ikishuka, dalali huuza rehani yake na mteja anaweza kubaki mikono mitupu. Mtikisiko wa fedha wa 1907, uliosababisha watu kukimbilia benki za New York kutoa akiba zao, ulimfuta mama huyo sokoni.

Katika kipindi hicho Benjamin alitumwa benki, akawasikia wafanyakazi wakiulizana kama Dorothy Grossbaum angeweza kuaminiwa kwa dola tano. Hakuisahau aibu hiyo hadi uzeeni. Ni vizuri msomaji aikumbuke pia, kwa sababu mengi aliyoyaandika baadaye kuhusu tahadhari yalimlenga mtu wa aina ya mama yake: mwenye akiba ndogo, asiye na ujuzi wa soko, anayetegemea maneno ya wengine.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia majina yenye sauti ya Kijerumani yalitazamwa kwa shaka nchini Marekani. Familia ikaacha jina la Grossbaum na kuchukua jina la Graham.

Elimu

Alisoma Boys High School huko Brooklyn, akawa miongoni mwa wanafunzi bora. Aliomba ufadhili wa kusoma Chuo Kikuu cha Columbia lakini hakuupata. Baadaye ikagundulika kwamba majalada yalichanganywa: binamu yake Louis Grossbaum alikuwa tayari anasoma Columbia kwa ufadhili, na ofisi ilidhani kwamba ni mtu yuleyule. Kwa kosa hilo la karani kijana huyo alitumia miezi mingi akifanya vibarua, ikiwemo kuunganisha vifaa vya simu kiwandani, kabla ya kupokewa chuoni mwaka 1911.

Columbia alisoma Kilatini, Kigiriki, falsafa, fasihi na hisabati, huku akifanya kazi katika kampuni ya usafirishaji wa vifurushi ili kusaidia nyumbani. Kozi ya uchumi aliianza akaiacha baada ya muda mfupi kwa sababu ratiba yake iligongana na kazi. Hivyo mtu aliyekuja kuandika kitabu kikuu cha uchambuzi wa hisa hakumaliza hata kozi moja ya uchumi.

Alihitimu mwaka 1914 akiwa na miaka 20, akishika nafasi ya pili katika darasa lake. Idara tatu za chuo, yaani Falsafa, Hisabati na Kiingereza, zilimtaka awe mwalimu. Mshahara wa mwalimu kijana ulikuwa mdogo, na mama yake alimtegemea. Frederick Keppel, mkuu wa chuo, ndiye aliyemwelekeza Wall Street, mtaa wa New York wenye soko la hisa na kampuni za madalali.

Kazi ya kwanza Wall Street

Graham alianza katika kampuni ya madalali ya Newburger, Henderson & Loeb kwa mshahara wa dola 12 kwa wiki. Alianza kwa kubeba hati na kuandika bei ubaoni. Wiki chache baadaye vita ilizuka Ulaya na Soko la Hisa la New York likafungwa kuanzia 31 Julai 1914. Biashara ya hisa haikurudi hadi Desemba.

Hali ya kazi hiyo wakati ule inahitaji maelezo, la sivyo madai yake ya baadaye hayataeleweka. Hapakuwa na sheria ya taifa iliyozilazimisha kampuni kutoa taarifa kamili za fedha kwa wenye hisa. Hatifungani zilichunguzwa kwa takwimu, kwa kuwa mkopeshaji alitaka kujua kama atalipwa. Hisa za kawaida zilinunuliwa zaidi kwa tetesi: nani ananunua, tajiri gani ameonekana na nani, siri gani imevuja kutoka ofisi ya mkurugenzi. Mtu aliyevaa vizuri na kujua majina ya watu wakubwa aliweza kujiita mshauri, na hakuna aliyemuuliza amesomea wapi. Waliofanya hesabu waliitwa watakwimu, nao walikaa vyumba vya nyuma.

Graham alitengeneza jina lake kwa hesabu hizo za chumba cha nyuma. Aliandika uchambuzi wa hatifungani za kampuni ya reli ya Missouri Pacific, akionyesha kwamba hali yake ilikuwa mbaya kuliko wawekezaji walivyodhani. Andiko hilo lilifika kwa kampuni nyingine ya madalali, J.S. Bache, ambayo ilitaka kumwajiri. Mwajiri wake hakutaka kumpoteza, akampa kazi ya utakwimu palepale.

Mwaka 1915 ilitangazwa kwamba kampuni ya Guggenheim Exploration ingevunjwa na mali zake kugawiwa wenye hisa. Mali hizo zilikuwa hasa hisa za migodi ya shaba zilizouzwa sokoni kila siku, hivyo mtu yeyote aliweza kuzipigia hesabu. Graham aliona kwamba hisa moja ya Guggenheim iliuzwa kwa takriban dola 69, wakati mali inayoiwakilisha ilikuwa na thamani ya takriban dola 76. Kwa ushauri wake kampuni na wateja wake walinunua hisa za Guggenheim na kuuza za migodi, wakapata tofauti hiyo kama faida. Mwaka 1920 alifanywa mshirika katika kampuni. Hakuacha kabisa mapenzi yake ya zamani: mwaka 1917 jarida la American Mathematical Monthly lilichapisha makala yake kuhusu ufundishaji wa kalkulasi.

Fedha za mwalimu wake

Safari hiyo haikuwa ya mafanikio tu. Profesa Algernon Tassin, aliyefundisha Kiingereza Columbia, alimkabidhi Graham fedha azisimamie kwa makubaliano ya kugawana faida. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Graham alichota sehemu yake ya faida na kuiingiza katika duka la santuri alilofungua pamoja na kaka yake. Kisha, wakati wa vita, bei za hisa zikashuka. Akaunti ilikuwa imenunua kwa mkopo, dalali akadai nyongeza ya fedha, na fedha za Graham zilikuwa zimekwama dukani.

Ilibidi akiri mbele ya Tassin na kukubali kulipa deni kidogo kidogo kila mwezi. Profesa alimvumilia, na baadaye akaunti ikarudi katika hali nzuri. Kisa hiki kinastahili nafasi kuliko ushindi wa Guggenheim. Ushauri wake juu ya hisa zenyewe haukuwa wa hovyo. Kilichomwangusha ni mkopo, pamoja na kuchanganya fedha za mteja na mahitaji yake mwenyewe. Hayo ni makosa mawili ambayo sheria na maadili ya washauri wa fedha siku hizi huyashughulikia kwa ukali.

Kujitegemea

Mwaka 1923 Graham aliondoka kwa Newburger akaanzisha mfuko mdogo ulioitwa Grahar, kwa fedha za familia ya Harris. Januari 1926 alianzisha mwingine, Benjamin Graham Joint Account. Muda mfupi baadaye Jerome Newman alijiunga naye, nao wakawa washirika kwa miaka 30. Newman alikuwa mkali wa mikataba na uendeshaji, Graham wa hesabu.

Mpango wa malipo wa mfuko huo ulikuwa na uzito wake. Graham hakuchukua mshahara. Alipata asilimia 20 ya faida ya mwanzo, na sehemu yake iliongezeka kadiri faida ilivyoongezeka. Wateja wakipata hasara, yeye hakupata kitu, na ilimpasa kwanza kuifidia hasara hiyo ndipo alipwe tena.

Kazi iliyompa sifa zaidi miaka hiyo ilikuwa ya Northern Pipe Line, kampuni ya mabomba ya mafuta iliyotokana na kuvunjwa kwa Standard Oil ya Rockefeller. Mwaka 1926 Graham alisafiri hadi Washington kusoma taarifa ambazo kampuni za mabomba zilipaswa kuzipeleka kwa tume ya serikali iliyosimamia reli na mabomba. Majalada yalikuwa wazi kwa umma, ila madalali hawakuwa na desturi ya kwenda kuyasoma. Humo alikuta kwamba kampuni hiyo ndogo ilikuwa na hatifungani za reli na mali nyingine za fedha zenye thamani ya dola 95 kwa kila hisa, wakati hisa yenyewe iliuzwa dola 65.

Alinunua hisa, kisha akawaomba wakurugenzi wawagawie wenye hisa fedha zisizohitajika katika biashara. Wakamwambia kwamba wao ndio wanaoelewa uendeshaji wa mabomba. Januari 1927 alikwenda kwenye mkutano mkuu katika mji mdogo wa Oil City, Pennsylvania, akaambiwa kwamba hoja yake haiwezi kusikilizwa kwa kuwa hapakuwa na wa kuiunga mkono. Mwaka uliofuata alirudi na wanasheria na hati za uwakilishi za wenye hisa wengi, akapata viti viwili katika bodi. Kampuni iligawa dola 70 kwa kila hisa.

Anguko la 1929

Kufikia mwanzoni mwa 1929 mtaji wa Joint Account ulikuwa takriban dola milioni 2.5. Bernard Baruch, mmoja wa matajiri maarufu wa Wall Street, alimtaka Graham awe mshirika wake, naye akakataa. Alikuwa na umri wa miaka 35 na aliishi katika nyumba ya kifahari New York.

Soko lilipoanguka mwezi Oktoba, Graham alipoteza takriban asilimia 20 kwa mwaka huo, hasara ndogo kuliko ya wengi. Kosa kubwa lilikuja baadaye: alidhani mabaya yamekwisha, akabaki na hisa nyingi, na kwa fedha za mkopo. Mwaka 1930 alipoteza nusu ya kilichobaki. Hadi 1932 mfuko ulikuwa umepoteza takriban asilimia 70 ya thamani yake. Aliyepoteza safari hii ndiye mchambuzi makini kuliko wote mtaani.

Familia ilihama nyumba ile ya kifahari. Kwa takriban miaka mitano Graham na Newman hawakupata malipo yoyote kutoka katika mfuko, kwa mujibu wa mpango wao wenyewe, mpaka walipowafidia wateja waliobaki. Graham aliishi kwa kufundisha, kuandika, na kutoa ushahidi mahakamani kama mtaalamu wa thamani za kampuni. Mwaka 1936 mfuko uligeuzwa kuwa shirika la Graham-Newman.

Katikati ya unyonge huo, mwaka 1932, aliandika makala tatu katika jarida la Forbes. Alionyesha kwamba kati ya kampuni 600 hivi za viwanda zilizochunguzwa, zaidi ya 200 ziliuzwa sokoni kwa bei ndogo kuliko mali zao za muda mfupi baada ya kutoa madeni. Kwa maneno mengine, mnunuzi aliweza kupata kiwanda, mashine na jina la kampuni bure.

Mwalimu na mwandishi

Tangu 1928 Graham alifundisha Columbia darasa la jioni kuhusu uchambuzi wa hisa na hatifungani, na aliendelea hadi miaka ya 1950. Alitumia mifano ya kampuni zilizokuwa zikiuzwa sokoni wiki hiyohiyo, jambo lililowavutia hata madalali waliokuja kusaka ushauri wa bure. David Dodd, mwalimu kijana wa chuo hicho, aliandika alichokisikia darasani. Maandishi hayo yakawa msingi wa kitabu chao Security Analysis, kilichotoka mwaka 1934.

Kitabu hicho kilitenganisha uwekezaji na ubahatishaji. Uwekezaji, kwa maelezo yake, lazima utokane na uchunguzi wa kina, ulinde mtaji na ulenge faida ya kuridhisha. Kinachopungukiwa na hayo ni ubahatishaji, hata kama kinauzwa kwa jina zuri. Hapo pia alieleza kwa urefu wazo la pengo la usalama: kama hesabu inaonyesha kwamba hisa ina thamani ya shilingi mia, inunuliwe kwa sitini au sabini, kwa kuwa hesabu yenyewe inaweza kuwa na kosa. Vipimo vyake vilikuwa vikali mno, lakini aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Graham alikuwa ameumwa miaka miwili tu iliyotangulia.

Mwaka 1949 alitoa The Intelligent Investor kwa ajili ya watu wa kawaida. Humo yumo Bwana Soko, mshirika wa kufikirika anayekuja mlangoni kila siku na kutaja bei, siku moja akiwa na furaha kupita kiasi na siku nyingine akiwa amekata tamaa. Mwekezaji hana lazima ya kumtii. Anunue kwake akiuza rahisi, amuuzie akinunua ghali, na siku nyingine ampuuze.

Kitabu hicho kina sura nzima kuhusu mwekezaji na washauri wake, ambayo husomwa kidogo kuliko sura za hisa. Graham aliona ajabu kwamba mtu asiyetarajia kuelekezwa namna ya kupata utajiri katika biashara nyingine hutarajia kuelekezwa hivyo kuhusu hisa. Alieleza aina za watu ambao raia huwaendea, wakiwemo ndugu, benki, madalali na kampuni za ushauri. Kwa maoni yake, kampuni bora za ushauri hazijigambi kwa werevu. Hujivunia uangalifu na ujuzi wa kutosha. Kuhusu dalali alitahadharisha kwamba hulipwa kila mteja anaponunua au kuuza, kwa hiyo maslahi yake hayalingani daima na ya mteja. Asiye na ujuzi, alishauri, apokee tu ushauri wa tahadhari wa kawaida, au amfahamu vizuri sana yule anayempa ushauri mwingine.

Juhudi za kuleta mtihani

Baada ya anguko la 1929 bunge la Marekani lilitunga sheria kadhaa. Zile za 1933 na 1934 zilizilazimisha kampuni kutoa taarifa na kuunda tume ya kusimamia masoko. Sheria ya 1940 iliwataka washauri wa uwekezaji wajiandikishe. Lakini kujiandikisha hakukuwa kupimwa. Mshauri alitoa jina na maelezo yake kwa serikali. Hakuna aliyemuuliza kama anajua kusoma mizania.

Graham alishiriki katika kuanzishwa kwa chama cha wachambuzi wa dhamana cha New York mwaka 1937. Mwaka 1942, akiwa katika kamati ya viwango ya chama hicho, alipendekeza kuwepo hadhi rasmi ya mchambuzi aliyethibitishwa. Anayeitaka angepaswa kuwa na elimu na uzoefu fulani, kufaulu mtihani, na kuwa mtu wa tabia njema.

Pendekezo halikupokewa kwa furaha. Januari 1945 chama kilipotoa toleo la kwanza la jarida lake, The Analysts Journal, suala hilo lilijadiliwa na watu wawili: Graham akatetea, na Lucien Hooper, mchambuzi mwenye heshima, akapinga. Upinzani haukuwa wa kipuuzi. Uamuzi mzuri wa uwekezaji unahitaji busara, na ni vigumu kuipima busara kwa karatasi ya maswali. Tena mtu aliyefanya kazi hiyo miaka 25 hakuona kwa nini aketi darasani na vijana. Jibu la Graham kwa ufupi ni kwamba mtihani haulengi kumtambua aliye hodari kuliko wote, bali kuhakikisha kwamba kila mwenye jina hilo amefika kiwango cha chini kinachojulikana. Umma unaomkabidhi mtu akiba yake una haki ya kudai hilo. Aliona pia kwamba kazi isiyo na kiwango haiwezi kuwa taaluma, wala kumwadhibu anayeiaibisha.

Aliendelea kuandika katika jarida hilo, mara nyingine kwa jina la bandia la Cogitator. Vyama vya miji mbalimbali viliungana katika shirikisho mwaka 1947, lakini mabishano yaliendelea kwa miaka 15 zaidi. Hatimaye mwaka 1962 taasisi ya kutoa hadhi hiyo ilianzishwa, makao yake yakiwa Charlottesville, Virginia. Mtihani wa kwanza ulifanyika Juni 1963. Watahiniwa 284 waliufanya, na 268 wakapata cheti kinachojulikana kwa kifupi kama CFA. Wakongwe hawakupewa cheti hicho bure. Nao walifanya mtihani. Tangu pendekezo la Graham ilikuwa imepita miaka 21.

Baadaye taasisi iliunganishwa na shirikisho la wachambuzi, na tangu 2004 inaitwa CFA Institute. Mtahiniwa wa siku hizi hupita mitihani mitatu na kuonyesha saa 4,000 za uzoefu wa kazi. Kipo chama cha wenye hadhi hiyo katika Afrika Mashariki, chenye makao Nairobi. Kenya ina pia mtihani wake wa wachambuzi wa uwekezaji na fedha unaosimamiwa na kasneb, na nchini Tanzania washauri wa uwekezaji hupewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana.

GEICO

Mwaka 1948 Graham-Newman ilinunua nusu ya GEICO, kampuni ya bima ya magari, kwa dola 712,000 hivi. Ilikuwa takriban robo ya fedha zote za mfuko, kinyume cha kanuni ya Graham mwenyewe ya kutawanya mtaji. Kisha ikabainika kwamba sheria haikuruhusu mfuko wa aina hiyo kumiliki zaidi ya asilimia 10 ya kampuni ya bima, hivyo hisa zikagawiwa wateja. Waliozitunza walitajirika: bei ilipanda hadi mara 200 hivi. Graham aliandika baadaye kwamba faida ya jambo hilo moja ilizidi faida zote nyingine za miaka 20 ya kazi zao za uangalifu. Ni mwandishi mkweli anayeweza kuongeza habari ya namna hiyo mwishoni mwa kitabu kinachofundisha kinyume chake.

Mambo mengine

Graham alipendekeza pia fedha ya kimataifa itakayotegemea ghala la bidhaa kama nafaka na metali, ili kuzuia bei kuyumba. Wazo hilo limo katika vitabu vyake vya 1937 na 1944. Friedrich Hayek aliliunga mkono, lakini halikutekelezwa. Tamthilia yake Baby Pompadour ilionyeshwa Broadway mwaka 1934 ikafungwa baada ya maonyesho manne. Alijifunza Kihispania ukubwani akatafsiri riwaya ya Mario Benedetti wa Uruguay, La tregua, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1969.

Alioa mara tatu. Watoto wake wawili wa kiume walifariki kabla yake, mmoja akiwa mtoto na mwingine akiwa kijana.

Miaka ya mwisho

Mwaka 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Seneti iliyochunguza kupanda kwa bei za hisa. Mwaka uliofuata yeye na Newman walifunga Graham-Newman. Buffett, aliyekuwa mwanafunzi wake Columbia na kufanya kazi katika ofisi yake tangu 1954, alirudi Omaha kuanzisha mfuko wake. Graham alihamia California, akafundisha Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles kwa takriban miaka 15 bila mshahara.

Katika mwaka wake wa mwisho alihojiwa na jarida lilelile la wachambuzi, ambalo sasa liliitwa Financial Analysts Journal. Alisema kwamba uchambuzi wa kina wa hisa moja moja, alioufundisha kwa miaka 40, haukuwa tena na faida kubwa kama zamani, kwa kuwa sasa watu wengi wenye ujuzi walikuwa wakifanya kazi ileile. Kwa mtu wa kawaida alipendekeza vigezo vichache rahisi vya kununua kundi la hisa za bei nafuu. Alifariki tarehe 21 Septemba 1976 nyumbani kwake Aix-en-Provence, akiwa na umri wa miaka 82. Mwaka huohuo GEICO ilikuwa karibu kufilisika, na Buffett akaanza kununua hisa zake.